Garden Warfare 2, Battle for Neighborville au Hypercharge: familia ichague upi?

Mzazi anayetafuta mchezo wa video wa kufyatua ambao mtoto wa miaka kumi anaweza kuucheza sebuleni mbele ya wageni hana machaguo mengi. Machaguo hayo hupungua zaidi akitaka mchezo wenye kazi ya kujenga ulinzi na kuzuia mawimbi ya maadui, badala ya kuwinda watu asiowajua mtandaoni. Katika uwanja huo mdogo, majina yanayotajwa mara nyingi na wachezaji ni manne. Matatu ni ya ukoo wa Plants vs. Zombies, yaani Garden Warfare ya mwaka 2014, Garden Warfare 2 ya mwaka 2016 na Battle for Neighborville ya mwaka 2019. La nne ni Hypercharge: Unboxed, mchezo wa vinyago vinavyopigana, uliotoka mwaka 2020. Ulinganisho huu unategemea yale ambayo wachezaji wameyasifu na kuyalalamikia kwa miaka yote hiyo, lakini kwa tahadhari moja: wengi wa wanaotoa maoni hayo ni wachezaji wazoefu wanaoshindana mtandaoni, na kinachowakera wao mara nyingine ndicho hasa kinachoifaa familia yenye televisheni moja na padi mbili za kuchezea.

Ukoo wa Plants vs. Zombies ulianza mwaka 2009, kampuni ya PopCap ya Seattle ilipotoa mchezo ambao mchezaji alipanda mimea mbele ya nyumba ili kuwazuia mazombi wasifike mlangoni. Mimea ilibaki pale ilipopandwa, mazombi walijongea kwa mistari, na kazi yote ilikuwa kuamua kipandwe nini na wapi. Electronic Arts iliinunua PopCap mwaka 2011, na mwaka 2014 wazo hilo likageuzwa, kwa kuwa katika Garden Warfare mchezaji mwenyewe ndiye mmea, naye anakimbia, analenga na kufyatua. Mapambano ya timu kubwa mtandaoni ndiyo yaliyotangazwa zaidi, lakini kwa msomaji wa makala hii sehemu yenye thamani ni ile inayoitwa Garden Ops, kwa sababu humo ndimo kazi ya kulinda ngome ilimohifadhiwa, na ndiyo kipimo nitakachotumia kuihukumu michezo yote minne.

Garden Ops huchezwa na watu hadi wanne wanaoshirikiana. Wanachagua mahali pa kupanda bustani yao, kisha mazombi wanaanza kuja kwa mawimbi kumi, kila moja likiwa zito kuliko lililotangulia. Kando ya bustani kuna vyungu vitupu. Mchezaji akikisogelea chungu, anachagua mmea wa msaada kutoka katika akiba yake, nao unachipuka papo hapo na kuanza kazi: mmoja unarusha njegere, mwingine unawaponya walio karibu, na mwingine, ambao ni uyoga, unatoa moshi wa sumu. Mimea hii ikiangushwa haifufuki, na akiba hupungua, hivyo ndugu wawili watajikuta wakibishana kama watumie mmea wao bora sasa hivi au wausubirishe. Kabla ya mawimbi fulani, mashine ya bahati nasibu hujitokeza na kuzungusha picha tatu zinazoamua ni majitu gani yatakayokuja, na kama picha hizo zitaleta zaidi ya Gargantuar mmoja, yaani zombi jitu, kila aliye sebuleni ataelewa maana yake bila kuambiwa. Wimbi la kumi likiisha kazi haijaisha, kwani wachezaji wanapaswa kukimbilia mahali pa kuchukuliwa na gari la Crazy Dave, jirani mwenye vituko anayeisaidia mimea, huku mazombi wakiendelea kuwafuata.

Kinachoifanya sehemu hii ifae watu wasiolingana uwezo ni mgawanyo wa wahusika. Mmea uitwao Sunflower, ambao ni alizeti, hutoa mwale wa uponyaji unaojishika kwa mwenzake, hivyo mtoto asiyeweza kulenga shabaha bado anashika kazi ambayo bila yeye timu haifiki wimbi la sita. Chomper humjia zombi kwa nyuma na kummeza mzima, jambo linalohitaji ujanja wa kunyemelea kuliko wepesi wa kidole. Cactus hupiga kwa mbali na kutega mabomu ya viazi, kazi inayomfaa mtu mwenye jicho kali, na Peashooter, mrusha njegere, ni wa yeyote ambaye bado hajajua anapenda nini. Michezo mingi ya kufyatua humpa kila mtu bunduki na kumwacha aliye dhaifu afe kwanza kila mara. Hapa aliye dhaifu ana nafasi yake.

Kwa nini basi mtu asinunue tu Garden Warfare ya kwanza, ambayo kwa kawaida ndiyo ya bei nafuu zaidi? Wapo wachezaji wa siku nyingi wanaoutetea mchezo huo kwa moyo wote. Hoja yao ni kwamba ulikuwa na makundi manne tu ya mimea na manne ya mazombi, kila kundi lilijua kazi yake, na mizani kati ya pande mbili ilikuwa sawa kuliko ilivyokuja kuwa baadaye. Hoja hiyo ina ukweli kwa mtu anayeshindana. Kwa familia, tatizo ni kwamba kucheza wawili kwenye televisheni moja kulikuwa na mipaka: skrini iligawanywa kwenye mashine za kizazi cha PlayStation 4 na Xbox One, na kwa kazi ya kulinda peke yake, ilhali wenye kompyuta hawakupata kabisa. Isitoshe, mchezo ulianza kuuzwa bila ununuzi wa ndani, lakini miezi michache baadaye sarafu zake zikaanza kuuzwa kwa fedha halisi, jambo ambalo wachezaji walioununua mapema hawakulipenda.

Garden Warfare 2 ilirekebisha mengi ya haya, na nadhani wachezaji wengi wanaouweka juu ya mwenzake wana haki. Skrini inaweza kugawanywa katika sehemu zote za mchezo kwenye PlayStation 4 na Xbox One. Garden Ops imepata pacha wake, Graveyard Ops, ambamo wachezaji ni mazombi wanaolinda makaburi dhidi ya mimea. Mtu aliye peke yake anaweza kucheza pamoja na wenzake wanaoendeshwa na mchezo wenyewe, bila kulazimika kukutana na mgeni yeyote. Hata uwanja wa nyumbani, unaoitwa Backyard Battleground, una bendera katikati ambayo ukiiamsha, maadui wanamiminika kutoka pande zote, na mtoto anaweza kutumia mchana mzima hapo akipanda vyungu na kuilinda bila kufungua sehemu nyingine yoyote.

Malalamiko makubwa ya wachezaji dhidi ya mchezo huu yalihusu wahusika wapya, na zaidi ya wote Rose. Waridi huyu hurusha miiba inayomfuata adui yenyewe, na ana uwezo wa kumgeuza zombi kuwa mbuzi. Wachezaji wazoefu walikasirika sana mwanzoni, wakisema kwamba mhusika asiyehitaji kulenga anawanyima thamani waliojifunza kulenga, na watengenezaji wakalazimika kumpunguza nguvu. Sasa lisome lalamiko hilo kwa jicho la mzazi mwenye mtoto wa miaka saba anayeshika padi kwa mara ya kwanza. Miiba inayojua njia yenyewe ndiyo anayoihitaji, na zombi aliyegeuka mbuzi anayerukaruka ovyo atachekwa nyumba nzima. Sitanii, kati ya mambo yote yaliyoandikwa na wachezaji kuhusu mchezo huu, lawama dhidi ya Rose ndiyo sifa bora kabisa ambayo familia ingeweza kuisoma.

Lalamiko la pili halina upande wa pili wenye manufaa. Garden Warfare 2 inahitaji intaneti muda wote, hata pale ambapo mtu anacheza peke yake au na ndugu yake kwenye kochi moja. Mawasiliano yakikatika, mchezo unakatika. Kwa nyumba yenye intaneti ya waya inayotulia hili si neno, lakini kwa nyumba inayotegemea bando la simu, au mtaa ambao umeme unapokatika na mnara wa simu nao unasuasua, ni kasoro inayoweza kuufuta mchezo wote kwenye orodha. Kuna pia swali la baadaye ambalo wachezaji hulirudia kila mwaka: mchezo unaotegemea seva za kampuni utaendelea kuchezeka kwa muda tu ambao kampuni inataka kuziendesha. Na wanaocheza kwenye kompyuta wamelalamika kwa muda mrefu kuhusu wadanganyifu wanaoingia na programu haramu na kuharibu mapambano ya wazi, ingawa anayejifungia kwenye Ops ya faragha hakutani nao.

Battle for Neighborville ni kisa cha mchezo uliopokelewa kwa mashaka na watu wake wenyewe. Wapenzi wa Garden Warfare walizoea kwamba kila mhusika alikuwa na sura nyingi, hivi kwamba Peashooter mmoja alikuwepo wa moto, wa barafu, wa sumu na kadhalika, na Garden Warfare 2 ilitangazwa kuwa na wahusika zaidi ya mia moja kwa hesabu hiyo. Neighborville iliziondoa sura hizo na badala yake ikaweka nyongeza za kuboresha uwezo. Waliokuwa wamezikusanya kwa miaka mitano waliona wameporwa. Masasisho ya maudhui nayo yalisimama mwaka 2020, takriban mwaka mmoja tu baada ya mchezo kutoka, na hilo likawapa wakosoaji neno la mwisho.

Mtoto ambaye hajawahi kuicheza michezo ya nyuma hajaporwa chochote, na yeye atakutana na mambo mawili ambayo hata wakosoaji huyakubali. La kwanza ni maeneo ya wazi kama Mount Steep na Weirding Woods, ambamo mtu anazunguka, anapewa kazi na wahusika wenye vituko, na kusonga mbele kwa mwendo wake bila saa inayomhesabia. La pili ni Acorn, mbegu ndogo ya mwaloni inayoweza kugeuka kuwa mti mkubwa uitwao Oak, na Acorn wengine wakaupanda na kufyatua kutoka juu yake. Mzazi anakuwa mti, mtoto anapanda juu, mzazi anatembea na mtoto anapiga. Sijui mchezo mwingine wa aina hii uliofikiria kumbeba mchezaji mdogo kwa namna ya moja kwa moja kiasi hicho. Kwa upande wa kulinda ngome, hata hivyo, Neighborville imelegea: Ops zake ni fupi kuliko zile za Garden Warfare, na anayeununua kwa ajili ya mawimbi kumi ya jasho atahisi amepunjwa.

Toleo la Nintendo Switch lililotoka Machi 2021 linastahili kutajwa peke yake. Lile la mwanzo la PlayStation 4, Xbox One na kompyuta lilikuwa na fedha za ndani zinazoitwa nyota za upinde wa mvua, zilizonunuliwa kwa fedha halisi, nazo ziliwapa watoto sababu ya kusumbua. Toleo la Switch halina mauzo hayo, vitu vyote hupatikana kwa kucheza, na linachezeka bila intaneti. Kwa mtoto mmoja mwenye Switch yake, anayecheza garini au kwa bibi kusiko na mtandao, ndilo chaguo salama katika ukoo huu wote.

Hypercharge: Unboxed hautoki katika ukoo huo, na haufanani nao kwa tabia. Umetengenezwa na Digital Cybercherries, kikundi kidogo sana ukilinganisha na Electronic Arts. Mchezaji ni kinyago cha plastiki kilichotoka kwenye boksi lake, ukubwa wa kiganja, na uwanja wa vita ni chumba cha kulala, gereji, bafu au duka la vinyago. Meza inakuwa mlima na rafu ya vitabu inakuwa ngazi. Kinacholindwa ni kiini cha nishati kinachoitwa Hyper-Core, na wanaokishambulia ni vinyago vingine: wanajeshi wadogo wa plastiki, vifaru, helikopta, na vile vinyago vya kuzungushwa viitwavyo pia.

Kwa mtu anayesisitiza kwamba mchezo uwe kweli wa kujenga ulinzi, huu ndio ulio karibu zaidi na asili kati ya yote manne. Kabla ya kila wimbi kuna muda wa maandalizi. Wachezaji wanazagaa chumbani kuokota sarafu zilizotapakaa sakafuni na juu ya samani, kisha wanarudi kuzitumia kuweka mizinga, vizuizi na mitego kwenye sehemu zilizotengwa karibu na kiini. Aliyekwenda mbali kutafuta sarafu nyingi anaweza kuchelewa kurudi, na aliyebaki karibu atakuwa na ulinzi hafifu. Mvutano huu haumo kwenye Garden Ops, ambako akiba ya mimea hukusanywa nje ya pambano, kwa pakiti za vibandiko zinazofunguliwa kwa bahati. Mtoto anayependa kupanga na kujenga kuliko kufyatua atakuwa na kazi kubwa na yenye heshima katika Hypercharge.

Sifa inayorudiwa zaidi na wachezaji wake ni mambo ambayo hayamo: hakuna maboksi ya bahati, hakuna duka la ndani linalodai fedha baada ya ununuzi, na hakuna sharti la intaneti. Watu hadi wanne wanaweza kugawana skrini moja, hata kwenye kompyuta, na nafasi zilizobaki zikajazwa na vinyago vinavyoendeshwa na mchezo. Malalamiko yao pia yanafanana: viwanja ni vichache ukilinganisha na michezo ya kampuni kubwa, mawimbi huanza kujirudia baada ya wiki kadhaa, na anayecheza peke yake huona upweke, kwa kuwa nyumba ni kubwa na kiini kinashambuliwa pande nyingi kwa wakati mmoja. Ningeongeza kwamba ucheshi wake ni mkavu kidogo. Vinyago havina vioja vya mazombi wa PopCap, na mtoto aliyevutiwa na mbuzi wa Rose anaweza kuvikuta vimya.

Kuhusu umri na ukatili, tofauti ni ndogo ila ipo. Michezo ya Plants vs. Zombies imepewa na bodi ya Marekani alama ya watoto wa miaka 10 na kuendelea. Hakuna damu, silaha ni njegere na miiba, na mazombi huanguka kama katuni. Katika Hypercharge kinachovunjika ni plastiki tu, lakini silaha zimechongwa kama bunduki za kuchezea, hivyo mzazi asiyetaka sura ya bunduki nyumbani ana sababu ya kubaki na mimea. Wapo watakaopendekeza Orcs Must Die!, ambao kwa mitego ni bingwa, lakini maadui wake hukatwakatwa waziwazi, na sioni sababu ya kuuingiza katika mashindano haya.

PlayStation 4 nyingi katika nyumba za Afrika Mashariki zilinunuliwa kwa ajili ya mpira, kwa hiyo padi ya pili mara nyingi tayari ipo. Ikiwa mashine hiyo imeunganishwa na intaneti inayotulia, na wachezaji ni wawili wenye umri tofauti, ningenunua Garden Warfare 2 bila kusita na kuanza na Garden Ops kwa kiwango chepesi, mdogo akipewa Sunflower au Rose na mkubwa akiachiwa Cactus. Kucheza sebuleni kwa namna hiyo hakuhitaji usajili wa kila mwezi wa PlayStation Plus. Usajili unahitajika pale mtu anapotaka kupambana na wengine mtandaoni. Neno la siri liwekwe kwenye duka la mashine kabla ya padi kukabidhiwa mtoto, kwa mchezo wowote wa ukoo huu isipokuwa toleo la Switch.

Ikiwa intaneti ni ya kupimiwa, hesabu inageuka kabisa. Mchezo wenyewe hupakuliwa kwa makumi ya gigabaiti, kisha Garden Warfare 2 inaendelea kudai mawasiliano kila inapowashwa. Hypercharge ukishapakuliwa unajitegemea, kwa hiyo ndio ningemshauri mtu wa bando, na ndio ningemshauri pia mwenye kompyuta pekee, kwa sababu michezo ya Plants vs. Zombies haigawanyi skrini kwenye kompyuta. Familia ya watoto watatu au wanne wanaotaka kucheza kwa pamoja haina haja ya kufikiri sana: ichukue Hypercharge, maana Garden Warfare 2 na Neighborville huishia kwa watu wawili kwenye televisheni moja.

Garden Warfare ya kwanza ningeiacha, isipokuwa ikija karibu bure au pamoja na mashine iliyonunuliwa mkononi. Neighborville kwenye PlayStation 4 au Xbox One ningeinunua kwa mtoto aliyekwisha kuimaliza Garden Warfare 2 na anayetaka kuzurura zaidi kuliko kulinda, huku mzazi akiwa tayari kuwa mti.